Mama anaanza kusahau malewa yake mwenyewe: ni uzee tu ama ni ugonjwa?

"Daktari habari. Mama yangu ana miaka 74, ni Mgisu wa huku mlima Elgon, anakaa kwa kaka yangu nje kidogo ya Mbale, mimi niko Kampala. Baba alikuwa mwanajeshi, tulikulia kambini Jinja ndiyo maana nyumbani ni Kiswahili mpaka leo. Malewa ya karanga ya mama, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, yalikuwa yanajulikana, hata majirani walikuja na sahani zao. Krismasi iliyopita akatia chumvi mara mbili, halafu akasimama na mwiko mkononi akatuuliza eti tunapika nini. Tangu siku hiyo mke wa kaka hamruhusu kugusa jiko. Nikimuuliza vipimo leo ananiambia hivi kesho vile, nikirudia anakasirika. Lakini malewa yakilowekwa akasikia ile harufu ya moshi, anaanza kusimulia alivyokuwa anapanda mlima na nyanya yake, na majina ya watu wote, na siku nyingine analia. Kaka anasema kama anakumbuka mambo ya miaka ya 1950 basi akili iko sawa, ni uzee tu. Nataka kurekodi mapishi kabla hayajapotea. Je ni ugonjwa? Tulikosea kumtoa jikoni? Na hiyo harufu inaweza kumrudishia kumbukumbu?"

Dada, poleni kwanza, wewe na kaka na huyo mke wa kaka pia ambaye naona ndiye anabeba mzigo wa kila siku. Maswali yako ni matatu lakini nikiyasoma nasikia hofu moja, kwamba mama anaondoka kidogo kidogo na malewa yake yataondoka naye. Hiyo hofu ina haki yake na sitakuambia uiache. Ila kuna mambo kadhaa hapo yamechanganywa, tuyatenganishe.

Nianze na kaka kwa sababu anachosema nakisikia karibu kwa kila familia. Mzee anakumbuka jina la mwalimu wake wa darasa la pili, basi wote wanatulia, akili iko sawa. Kumbe haiko hivyo. Kumbukumbu za zamani na kumbukumbu za leo asubuhi hazitegemei sehemu moja ya ubongo kwa namna moja. Kuna sehemu ndogo ndani inaitwa hipokampasi, kazi yake ni kupokea mambo mapya na kuyasaidia yashike. Magonjwa ya kupoteza kumbukumbu kama Alzheimer mara nyingi huanza kuharibu hapo hapo karibu, kwa hiyo jambo jipya haliingii vizuri, lakini lile la utotoni ambalo limesimuliwa mara mia na kutawanyika kwenye ubongo mzima linabaki miaka mingi. Yaani mtu anaweza kukutajia ng'ombe wote wa babu yake na asijue kama amekunywa chai. Kwa hiyo hadithi za mlimani ni kitu kizuri sana lakini si cheti cha afya, mwambie kaka hivyo kwa upole.

Upande wa pili, mama kushindwa kukupa vipimo hakunipi wasiwasi wowote. Mama yako hakujifunza malewa kwa vipimo. Alijifunza akiwa amekaa pembeni ya nyanya yake, anashika, anaonja, anapigwa kidole akiharakisha. Kumbukumbu ya aina hiyo inakaa kwenye mikono, kama vile kuendesha baiskeli au kusuka mkeka, na ubongo unaiweka sehemu nyingine kabisa, sio ile ya maneno. Hata mpishi wa miaka 40 mwenye akili kali ukimuuliza "karanga gramu ngapi" atakutajia chochote ili umwache. Niliwahi kukaa na mama mmoja wa kutoka Ankole, wanawe wakamuuliza eshabwe, ule mchuzi mweupe wa samli, inatengenezwaje, akakosa la kusema kabisa, macho yakawa chini. Wakamletea samli na bakuli na maji yaliyochemshwa yakapoa na ile chumvi ya mawe, mkono ukaanza wenyewe, anasugua na kugeuza, samli ikabadilika rangi ikawa nyeupe, akamwaga maji ya kwanza akaongeza mengine bila mtu kumwambia. Hakuna aliyemuuliza swali tena siku hiyo.

Kinachonisumbua mimi ni kile kitendo cha kusimama na mwiko na kuuliza tunapika nini. Kusahau kama umetia chumvi, hilo sisi wote linatupata, hasa Krismasi nyumba imejaa watoto na simu zinalia. Lakini kupotea katikati ya kazi uliyoifanya maisha yako yote, ukaiona sufuria mbele yako na usijue ni ya nini, hilo si uzee wa kawaida. Uzee unapunguza mwendo, jina linachelewa kuja halafu linakuja saa tatu usiku ukiwa kitandani. Hauondoi maana ya kitu unachokifanya. Tukio moja peke yake halitoshi kusema ni ugonjwa, ila linatosha kumpeleka mama apimwe, na sio mwezi ujao, panga sasa.

Na nisikuogopeshe, kwa sababu "apimwe" sio lazima iwe habari mbaya. Watu wakisikia mzee anasahau wanaruka moja kwa moja mpaka Alzheimer, ama wengine kule kijijini wanaanza kutafuta nani amemroga, na katikati hapo kuna mambo mengi yanayotibika. Upungufu wa damu. Upungufu wa vitamini B12. Tezi ya shingoni kufanya kazi polepole. Sukari kupanda au kushuka. Maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo kwa mzee yanaweza kuvuruga akili hata bila homa wala maumivu. VVU na kaswende pia, na tafadhali msione aibu kupima eti kwa sababu ni mama mzee. Kuna huzuni, mtu aliyefiwa na mume au mtoto anaweza kuonekana amesahau kila kitu kumbe moyo ndio umezima, hukuniambia baba yupo au alifariki lini, hilo mwambieni daktari. Kuna masikio, maana asiyesikia vizuri anajibu vibaya na watu wanadhani amechanganyikiwa. Na kuna dawa. Hapa nataka mnisikilize sana kwa sababu duka la dawa liko kila kona na watu wanajinunulia tu: Piriton mnayompa akipata mafua au akikosa usingizi, vidonge vya usingizi kama diazepam, amitriptyline anayopewa mtu kwa maumivu ya mishipa, zote hizo zinaweza kumtia mzee ukungu kichwani. Chukua mfuko, weka ndani kila dawa iliyo chumbani kwake, na za mitishamba pia, nenda nao hospitali. Usiache dawa ya presha au sukari kwa kusoma haya, daktari ndiye atakayeamua.

Sasa chumvi, maana hiyo watu wanaisahau. Umri ukienda, pua na ulimi vinapungua nguvu, pua zaidi, na sehemu kubwa ya tunachoita ladha ni harufu. Inawezekana mara ya pili mama hakusahau, alionja tu akaona haijakolea. Njia rahisi ya kujua ni kumwonjesha kitu ambacho wewe unajua kimekolea, usikie anasemaje. Kama ni hivyo basi shida ya chumvi na shida ya mwiko ni mbili tofauti, na ya chumvi dawa yake ni mtu mwingine kuonja kabla ya kutia, na kumwangalia presha.

Tuje kwenye harufu, ambayo naona ndiyo ina matumaini yako mengi. Harufu ina njia yake fupi. Tunachoona na kusikia kinapita kwanza kituo cha katikati ya ubongo ndipo kisambazwe, lakini harufu ikitoka puani inaingia karibu moja kwa moja kwenye sehemu za hisia na kumbukumbu, amigdala na ile hipokampasi niliyotaja. Ndiyo maana mtu akisikia harufu analia kabla hata hajajua analia nini. Na watafiti waliolinganisha wameona kwamba ukimwonyesha mtu mzima neno au picha, kumbukumbu nyingi zinazokuja ni za ujana, lakini ukimpa harufu zinakuja za utotoni kabisa, kabla ya miaka kumi. Malewa ya kukaushwa kwa moshi yana harufu ambayo huwezi kuichanganya na chakula kingine chochote. Kwa hiyo mama kupanda mlima Elgon akiwa ameketi jikoni kwa kaka, hilo halinishangazi hata kidogo.

Lakini dada, harufu inafungua mlango uliopo, haijengi ukuta ulioanguka. Kama ni ugonjwa wa kumbukumbu, malewa hayatautibu, na mtu yeyote atakayekuuzia dawa au unga wa "kurudisha kumbukumbu" anakula pesa zako. Kinachowezekana ni kingine, na mimi nakithamini sana. Zamani madaktari waliona mzee anayesimulia ya kale ni dalili ya kuishiwa. Mwaka 1963 daktari mmoja wa Marekani, Robert Butler, akaandika kwamba hapana, mtu anapokaribia mwisho anayapitia maisha yake, na hiyo ni kazi muhimu ya nafsi, asizuiwe. Toka hapo wazee wengi wamesaidiwa kwa picha, nyimbo, vyakula. Tafiti zilizofanywa kwa wenye kupoteza kumbukumbu zinaonyesha faida ipo, kwenye furaha, mawasiliano na kidogo kwenye akili, ila ni ndogo na sio kwa kila mtu. Kwa mtu ambaye siku nzima anaambiwa "acha, utaunguza", nusu saa ya kuwa yeye ndiye anayejua si kitu kidogo.

Na analia. Usikimbie kumnyamazisha. Mwanamke wa miaka 74 aliyeolewa na mwanajeshi Uganda hii amepita miaka ya 1970 na vita vilivyofuata, na huko mlimani kuna watu aliokula nao ambao hawapo. Chakula kinaleta wote, waliokufa vizuri na waliokufa vibaya. Kaa naye, mshike mkono, mwambie "pole mama, ulimpenda sana nyanya", subiri. Mara nyingi machozi yanapita na hadithi inaendelea. Kama analia kila siku, hali chakula, halali usingizi, anasema afadhali afe, hiyo sasa ni huzuni ya kutibiwa, mpeleke.

Kitu kingine, msimsahihishe. Leo atasema alipanda na nyanya, kesho atasema ni shangazi. Kumbukumbu kila ikitolewa inajengwa upya, kwako pia na kwangu, hiyo si uongo. Na lile swali "mama unakumbuka?" liacheni kabisa, ni mtihani, na yeye anajua anafeli. Ule ukali anaokuonyesha ukirudia vipimo, kwa maoni yangu si kiburi, ni aibu, ameona mwanawe anaandika makosa yake. Badala yake sema kitu kisichoweza kufeliwa: "hii harufu inanikumbusha ulivyokuwa unatufukuza jikoni kule Jinja." Halafu nyamaza umwone.

Kuhusu jiko, mke wa kaka hakukosea kuogopa. Moto ni moto. Mzee anaweza kuacha sufuria ikaungua, anaweza kuingiza sigiri yenye mkaa chumbani kwa sababu ya baridi na ile hewa ya mkaa ikaua watu usingizini bila harufu yoyote, na gomesi, lile gauni refu, na ule mshipi wake unaoning'inia mbele ni hatari kwenye moto wa chini. Kuna hatari nyingine ya malewa yenyewe: machipukizi mabichi ya mianzi yana sumu ya asili inayotoa sianidi, kuchemsha vizuri ndiko kunakoiondoa, sasa anayesahau hatua akipata mabichi asiachwe peke yake nayo. Karanga pia, mtu ambaye macho na pua vimechoka hataona ukungu, na ukungu wa karanga una sumu inayoharibu ini, kwa hiyo mwingine azichambue tena.

Ila kumtoa kabisa, hapo nadhani mlipitiliza. Mtu akinyang'anywa kazi anayoijua, anakaa, akikaa anadhoofika haraka, mwili na akili, na heshima yake inaenda. Na akiachwa ajitahidi peke yake ataumia. Mimi ningegawa kazi: moto na kisu kikubwa ni vya mtu mwingine, kila kitu kingine ni cha mama. Amenye karanga. Atwange au achague. Akoroge akiwa ameketi kwenye kiti imara, mtu yuko pembeni. Aonje na aseme. Jikoni kusiwe na kelele, redio izimwe, watoto watoke, sufuria moja tu mezani, kwa sababu ubongo uliochoka unapotezwa na vitu vingi kwa wakati mmoja na naamini Krismasi ile ilichangia. Akisimama ghafla asijue yuko wapi, usimuulize, mwekee tu kitu kinachofuata mkononi, "mama karanga hizi hapa", mara nyingi mkono utaendelea.

Sasa kurekodi, na hapa nenda mapema, usisubiri Krismasi ijayo. Fika siku moja kabla kwa sababu malewa makavu yanataka kulowekwa, na hiyo harufu ndiyo itakayomwandaa. Weka simu mahali pamoja, ielekee mikono yake, sio uso, acha irekodi tu. Usimuulize vipimo. Fanya hivi: kabla hajaanza pima bakuli la karanga iliyosagwa, pima mkebe wa chumvi, pima jagi la maji, andika. Yeye atie kwa macho kama siku zote. Akimaliza pima kilichobaki, tofauti ndiyo kipimo chake, na hajasumbuliwa hata mara moja. Rudia siku nyingine na nyingine, utapata namba tofauti kidogo na ni sawa, hata akiwa mzima zilikuwa tofauti.

Zaidi ya namba andika dalili anazozifuata, kwa sababu mapishi yako hapo. Malewa anayabonyeza kwa vidole gani kujua yamelainika? Maji ya kwanza anayamwaga yakiwa na rangi gani? Anatia magadi, au yale maji ya majivu yaliyochujwa kama ya kijijini, na wakati gani? Karanga ikiingia utamwona anapunguza moto na kukoroga mpaka chini ya sufuria maana inashika haraka, halafu kuna wakati mafuta yanatokea juu kidogo kidogo na anaacha kukoroga. Hapo ndipo imeiva, na hakuna saa itakayokuambia hivyo. Sikiliza pia anachokisema peke yake akikoroga, pengine ni Kigisu, usikitafsiri hapo hapo, iache simu ikibebe. Ukikuta hatua imepotea kabisa, uliza dada zake au wakwe zake au wanawake wa umri wake wa kijiji alikotoka, mapishi hayakuwahi kuwa ya mtu mmoja.

Hospitali: ya rufaa ya Mbale iko karibu na kaka, waanzie hapo, waulizie kitengo cha afya ya akili, na msiogope hilo jina, ndiko wanakopima kumbukumbu pia. Ukimleta Kampala kuna Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili, na huko si kwa "wendawazimu" peke yao kama watu wanavyosema. Aende na yule anayekaa naye kila siku, yaani mke wa kaka, maana wewe wa simu na kaka wa kazini hamjui usiku ukoje. Andikeni karatasi moja: ilianza lini, ilianza ghafla au polepole, amewahi kupotea njia, pesa anazihesabu sawa, amepungua uzito, anakojoa vipi, analala vipi, aliwahi kuanguka. Mifano halisi kama ule wa mwiko inamsaidia daktari kuliko kusema tu "anasahau". Ikitokea ni ugonjwa wenyewe, zipo dawa ambazo kwa wengine zinasaidia kwa muda, haziponyi, na daktari atawaambia ukweli huo. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa wanaishi na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na zaidi ya nusu wako nchi kama zetu, kwa hiyo familia yenu haiko peke yake hata kama mtaani hakuna anayeongea.

Msisubiri miadi yoyote kama amechanganyikiwa ghafla ndani ya masaa au siku chache, kama mdomo umepinda au mkono mmoja umelegea au maneno hayatoki, kama ana homa na haamki vizuri, au ameanguka akagonga kichwa. Hiyo ni siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, tafuteni gari.

Na kabla ya yote hayo mpigie mke wa kaka, sio kaka. Mshukuru kwanza, halafu mwulize ni saa ngapi kwa siku mama huwa na akili nyepesi zaidi, wengi ni asubuhi baada ya chai, wachache ni alasiri. Miadi ya daktari na siku ya kupika malewa zipange kwenye saa hiyo.